Joto limerudi na holsta inanichubua: mnaovaa ndani ya suruali mnafanyaje?

KiunoKizito (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Leseni ninayo, na bastola naivaa kila siku ya kazi. Huu ni msimu wangu wa nne wa joto nikiwa nayo. Wakati wa baridi sina tatizo, koti linafunika kila kitu. Jua likianza kuwaka nabaki na shati moja la mikono mifupi, na hapo ndipo mateso yanapoanza.

Ni 9 mm ya ukubwa wa kati, ikijazwa risasi inakaribia gramu 850. Holsta, yaani ala ya kuvalia bastola, ni ya ngozi laini, inakaa ndani ya suruali nyuma kidogo ya nyonga ya kulia, na imeshikwa na kibanio kimoja tu. Nikikaa garini saa mbili, mpini unanichoma mbavu. Ngozi ikilowa jasho inalegea kama tambara, na nikichomoa bastola mdomo wa holsta unajifunga. Juzi nimekuta vidoa vya kutu karibu na kilengeo cha nyuma. Kiunoni nina mchubuko wenye umbo la slaidi kabisa, kile chuma cha juu cha bastola kinachorudi nyuma ikifyatuliwa.

Siku za joto kali nimekuwa nikiiacha kwenye sefu, lakini roho inanisuta. Sikuihangaikia leseni ili nibebe siku za baridi tu. Nafikiria kununua ukanda wa tumbo, ule wa kitambaa kinachovutika, kwa kuwa ni laini. Kuna aliyeutumia kwenye joto? Au nitafute bastola ndogo zaidi?

Mfukoni

Chukua ndogo mkuu, utapumua. Yangu inakaa mfuko wa mbele wa suruali, wala sikumbuki kama ipo.

MkandaMgumu

Mkuu KiunoKizito, kabla ya habari ya joto: hiyo holsta ambayo mdomo wake unajifunga, acha kuivaa leo. Ngozi iliyolegea ikikunjamana kwa ndani, ule mkunjo unaweza kuingia kwenye upinde unaozunguka kifyatulio wakati unarudisha bastola, ukakivuta. Watu wamejipiga risasi ya paja hivyo hivyo, kidole kikiwa mbali kabisa. Hata ukipata mpya, mazoea yawe haya: pandisha shati juu kabisa kwa mkono mwingine, tazama mdomo wa holsta kwa macho, kisha rudisha polepole. Hakuna anayekukimbiza wakati wa kurudisha.

Nawe Mfukoni, natumaini humo mfukoni kuna holsta ya mfukoni, inayofunika kifyatulio, na hakuna funguo wala sarafu pamoja nayo. Kama haimo, tafadhali iweke.

Sasa joto. Nami miaka mingi niliamini kwamba kinachochubua ni ugumu, nikanunua laini, na laini kuliko hiyo. Nilikuwa nakosea. Ngozi ya mwili ikiwa na jasho huchubuliwa na kitu kinachosogea. Holsta laini inacheza kwa kila hatua, inasugua sehemu ile ile kutwa nzima. Ngumu iliyobanwa vizuri inatulia, na kinachotulia hakichubui.

Kwa hiyo mimi navaa ya Kydex. Ni plastiki ngumu inayolainishwa kwa moto na kukandamizwa juu ya umbo la bastola husika. Hainywi jasho, mdomo haufungi, jioni naisuuza kwa maji na sabuni, naikausha, basi. Kwa kuwa inalainika kwa moto, usiiache kwenye dashibodi juani, inaweza kupinda na bastola isishike tena sawasawa. Ukinunua, hakikisha imetengenezwa kwa ajili ya aina yako ya bastola, si ile ya "inaingia zote". Tafuta yenye ngao ya jasho, yaani ule ubavu wa ndani unaopanda hadi nyuma ya slaidi. Ngao hiyo inaikinga bastola na chumvi yako, na inakukinga wewe na kona za chuma. Vibanio viwe viwili badala ya kimoja, ili uzito usining'inie upande mmoja.

Ila holsta ni nusu tu. Nusu nyingine ni mkanda, na hapa ndipo wengi wanapobania hela. Gramu 850 kwenye mkanda wa kawaida wa suruali zitauvuta chini, utaukaza zaidi, na ukiukaza utachubuka. Tafuta mkanda mgumu uliotengenezwa kwa kubebea silaha, upana wa milimita 38 hivi, mkakamavu usiojikunja kwa upana. Suruali nayo iongezwe inchi moja au mbili kiunoni. Niliponunua mkanda sahihi, holsta niliyokuwa nimeitupa kabatini ilianza kuvalika.

Halafu fulana nyepesi ya ndani, ndefu, ichomekwe kati ya mwili na holsta. Najua unaona ni kuongeza nguo kwenye joto. Ivae siku tatu kisha uniambie.

Ukanda wa tumbo niliutumia kiangazi kimoja. Ni mpana, unafunika kiuno kizima, jasho halina pa kwenda. Ubaya zaidi, mingi haina kitu kigumu juu ya kifyatulio, kidole au kitu chochote kinaweza kukisukuma kupitia kitambaani. Kama ni lazima, chagua wenye ganda gumu ndani.

Bastola usiibadilishe kwanza. Ndogo ni nyepesi kweli, lakini inarusha mkono zaidi, inabeba risasi chache na ni ngumu kulenga. Anza na mkanda.

UziNaSindano

Nashona holsta, naomba niitetee ngozi kidogo. Iliyomwangusha ndugu yetu ni ile laini, ya aina ya mikoba. Ngozi iliyotiwa dawa ya magome, nene, yenye kipande cha ziada mdomoni kilichoimarishwa, inabaki wazi hata bastola ikitoka. Upande laini uelekee mwilini.

Ila MkandaMgumu amesema kweli kuhusu jasho. Ngozi ikishalowa inahitaji usiku mzima ikauke kivulini, mbali na moto, na bastola isilale ndani yake. Wateja wangu wa joto nawaambia wawe nazo mbili, wabadilishane. Hiyo kutu ipanguse kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana. Hata chuma kinachouzwa kama hakishiki kutu hushika, chumvi ikikaa juu yake.

Nyonga

Kaka, umesema mpini unachoma mbavu ukikaa. Hilo lilinitesa sana, sisi wanawake wengi kiuno chetu ni kifupi na nyonga inausukuma mpini juu kuelekea mbavuni. Kilichonisaidia ni kubadilisha kimo na mwinamo. Holsta nzuri ina skrubu na matundu ya kuishusha au kuiinamisha. Nilishusha tundu moja, nikaiinamisha mbele kama nyuzi 15, mpini ukalala sambamba na mbavu. Jaribu ukiwa na bastola isiyo na risasi, chemba (pale inapokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa) umeikagua mara mbili, ukae kwenye kiti kile kile cha gari. Ukisimama mbele ya kioo tu hutagundua kitu.

KiunoKizito

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku kumi na moja. Holsta ya zamani nimeikata vipande ili hata mwanangu asije akairithi. Nimechukua Kydex yenye ngao ya jasho na vibanio viwili, pamoja na mkanda wa milimita 38. Siku mbili za kwanza nilivaa nyumbani bila risasi, nikafunga viatu, nikabeba ndoo, nikakaa garini kama dada Nyonga alivyosema. Mwinamo wake ndio umeniponya mbavu. Fulana ya ndani nimeikubali, jana shati lililowa mgongo mzima lakini kiunoni pakavu. Mchubuko umeanza kufifia.

Limebaki moja: nikiinama kuokota kitu, mpini unajichora kwenye shati. UziNaSindano, kuna namna ya kuuvuta uelekee mwilini, au niongeze tu ukubwa wa shati?