Kuondoa vifurushi visivyotumika kwenye Ubuntu bila kuharibu mfumo

Mchapaji_MwembeTayari aliuliza:

Assalaam aleikum wanajamvi. Nina duka dogo la kuchapa na kutoa nakala hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na kompyuta ninayoitegemea kwa kazi zote inatumia mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04 kwenye diski ya gigabaiti 64, ambayo sasa imebakiwa na nafasi isiyofika gigabaiti 3. Wateja huja na hati zao kwenye simu au flashi, wengine huketi hapa wakijaza fomu za iTax na eCitizen, kwa hiyo kompyuta hii ikilala, na duka limelala.

Nilitaka kuondoa nisivyovitumia, nikaanza na kifurushi (yaani programu au sehemu ya programu) kiitwacho evolution-data-server, kwa kuwa sisomi barua pepe kwa Evolution. Nilipoandika `sudo apt remove evolution-data-server`, terminali ilinionyesha kwamba pamoja nacho vitaondoka gnome-shell, gdm3 na ubuntu-desktop, kisha ikaniuliza kama niendelee. Nilijibu hapana. Naomba kuelezwa kwa nini kifurushi cha barua pepe kitake kuondoka na vyote hivyo, na nitajuaje kipi kinaondoleka bila madhara. Jirani yangu ameniambia niandike tu `sudo apt autoremove -y` na mambo yatajipanga yenyewe, ila moyo wangu haujatulia.

FundiTudor alijibu:

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Jina la kifurushi hicho linapotosha. Si programu ya kusoma barua pepe, bali ni huduma inayofanya kazi chinichini kutunza kalenda na anwani, na gnome-shell, yaani programu inayokuchorea upau wa juu, menyu na madirisha, huitegemea ili kalenda ionekane unapobofya saa. Kwa vile gnome-shell imesajiliwa kuwa haiwezi kukaa bila huduma hiyo, APT, programu ya Ubuntu inayosakinisha na kuondoa vifurushi, haikubali kuiacha ikiwa na upungufu, hivyo huiondoa nayo. Na gdm3, inayokuletea ukurasa wa kuandika nenosiri, inaitegemea gnome-shell, basi nayo inafuata. Ungejibu ndiyo, kompyuta ingewaka baadaye ikakuonyesha skrini nyeusi yenye maandishi matupu. Programu yenyewe ya barua pepe ni kifurushi kingine kiitwacho evolution, na Ubuntu haikiweki isipokuwa mtu akitake.

Kuhusu ubuntu-desktop, hicho hakina programu yoyote ndani yake. Ni orodha tu ya vifurushi vinavyounda mazingira ya kawaida ya Ubuntu. Kukiona kwenye orodha ya kuondoka si msiba kwa chenyewe, lakini ni dalili kwamba umegusa kitu ambacho watengenezaji wamekihesabu kuwa cha msingi, na hapo inafaa usimame ujiulize.

Mazoea ninayokushauri ni kutanguliza majaribio. Ukiandika `apt -s remove jina-la-kifurushi`, bila hata sudo (ruhusa ya msimamizi), utaonyeshwa kila kitakachotokea na hakuna kitakachoguswa. Ukitaka kujua ni nani anayekihitaji kifurushi fulani, andika `apt rdepends --installed jina-la-kifurushi`: mistari inayoanza na Depends ni ya lazima, ile ya Recommends na Suggests ni mapendekezo tu na haizuii kitu. Orodha ile ya vitakavyoondoka ndiyo ulinzi wako wote, na ndiyo maana ile `-y` ya jirani yako siipendi hata kidogo, kwa kuwa inajibu ndiyo kabla hujasoma.

Bi_Mtongwe alijibu:

Naunga mkono, na niongeze kwa wale wanaodhani kwamba mfumo utawazuia wenyewe. Mwaka 2021 Linus Sebastian, mtengenezaji video maarufu wa Kanada, alikuwa akiweka Steam, programu ya michezo ya kompyuta, kwenye Pop!_OS, mfumo ulio ndugu wa Ubuntu, na kwa hitilafu ya vifurushi ya wakati ule APT ikamwambia kwamba itaondoa vitu vya lazima, ikamtaka aandike sentensi nzima ya kukubali. Akaiandika, na mazingira yote ya picha yakatoweka. Baada ya tukio hilo watunzaji wa APT walikaza kizuizi chao, lakini kizuizi hicho hulinda vifurushi vilivyowekewa alama ya lazima kabisa, kama vile bash, coreutils na dpkg. gnome-shell na gdm3 havimo humo. Ndiyo sababu wewe uliulizwa swali la kawaida tu la ndiyo au hapana.

Kuhusu `apt autoremove`, sitasema ni mbaya, naitumia. Huondoa vifurushi vilivyoletwa kwa ajili ya programu nyingine ambayo sasa haipo, na kumbukumbu yake ya nani aliletwa na nani ni sahihi. Tatizo ni kwamba inavijua vitu vilivyopitia kwake peke yake. Programu uliyoipakua kwenye tovuti ya mtengenezaji wa printa au skana ukainakili ndani ya `/opt` au `/usr/local` haijulikani na APT, wala maktaba inazozitumia, yaani mafaili ya msimbo ambayo programu huyaazima, hazihesabiwi kuwa zina mwenyewe. Itazame kwa `ldd` ikifuatwa na njia ya faili la programu hiyo, uone inaita maktaba zipi, kisha `dpkg -S` ikuambie kila maktaba ni ya kifurushi gani. Ukikuta mojawapo imo kwenye orodha ya autoremove, andika `sudo apt-mark manual jina-la-kifurushi` nayo haitaguswa tena.

Tena, ndugu Mchapaji, sidhani kama nafasi yako imeliwa na vifurushi usivyovitumia. Angalia kwanza hapa:

`snap list --all` itakuonyesha matoleo ya zamani ya snap, yaani programu zinazosakinishwa kwa njia nyingine isiyo ya APT, ikiwamo Firefox, ambayo kwenye 22.04 huja kwa njia hiyo. Yale yaliyoandikwa disabled unaweza kuyaondoa kwa `sudo snap remove jina --revision=namba`. Ukiondoa snap nzima, fahamu kwamba data yake huhifadhiwa kwa siku 31 usipoongeza `--purge`, na watu wengi hushangaa kuona nafasi ya diski haikurudi.

`journalctl --disk-usage` itakutajia ukubwa wa kumbukumbu za mfumo, ambazo kwa kawaida huruhusiwa kufikia asilimia 10 ya diski, zisizidi gigabaiti 4. `sudo journalctl --vacuum-size=200M` huzipunguza.

`sudo apt clean` hufuta nakala za vifurushi zilizopakuliwa kwa ajili ya kusakinisha na kubaki ndani ya `/var/cache/apt/archives`, si programu zenyewe. Hiyo haina hatari yoyote.

Kerneli za zamani, yaani matoleo yaliyopitwa ya kiini cha mfumo, waachie autoremove, kwani huibakiza ile unayoitumia sasa na ile mpya kabisa. Usiingie `/boot`, folda zinamokaa, kufuta mafaili kwa mkono.

FundiTudor alijibu:

Bi Mtongwe amenimalizia kazi. Nitaongeza la umeme tu, maana Mombasa yetu tunaijua: ukikatika katikati ya kuondoa, kompyuta ikirudi andika `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt -f install`, kabla ya jambo jingine lolote. Na kabla hujaanza, andika `apt-mark showmanual > vifurushi.txt` upate orodha ya vifurushi vyenye alama ya manual, uiweke faili hiyo kwenye flashi.

Mchapaji_MwembeTayari alijibu:

Shukrani nyingi kwenu nyote. Matoleo ya zamani ya snap, kumbukumbu za mfumo na `apt clean` vimenirudishia karibu gigabaiti 9, na evolution-data-server nimeiacha ilipo. Nilipoijaribu autoremove kwa `-s`, nilikuta imepanga kuondoa libusb-0.1-4, na `ldd` ikanionyesha kwamba programu ya skana yangu, iliyomo `/opt`, inaiita maktaba hiyohiyo. Ilikuwa imeletwa na programu nyingine ya skana niliyokwisha kuiondoa. Nimeiwekea alama ya manual kama nilivyoelekezwa. Je, sasa niendelee na vilivyobaki?

Bi_Mtongwe alijibu:

Endelea, lakini fahamu kwamba `ldd` haizioni maktaba ambazo programu huziita ikiwa tayari inaendeshwa. Ukimaliza, skani karatasi moja na uchape nyingine kabla hujamkaribisha mteja. Ikiwa kuna kitakachogoma, fungua `/var/log/apt/history.log`, majina ya vyote vilivyoondoka yameandikwa humo pamoja na saa, na `sudo apt install` itavirudisha.