Georgia inasema dola 5.15, serikali kuu inasema 7.25: mdogo wangu alipwe ipi?

Mwanahawa_GA
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mdogo wangu anaosha vyombo kwenye mgahawa hapa jimbo la Georgia, Marekani, na kibali chake cha kazi kipo. Analipwa dola 5.15 kwa saa. Wiki iliyopita alipiga saa 46, zote kwa bei hiyohiyo. Alipouliza, bosi akamfungulia sheria ya Georgia kwenye simu, na kweli imeandikwa 5.15. Akamwambia wahudumu wa mezani wanalipwa 2.13, kwa hiyo ashukuru. Naumia sana. Tuanzie wapi?

Kibarua_Houston
Pole dada. Bosi kamwonyesha sheria moja, ya pili kaificha. Sheria ya kazi ya serikali kuu, ya mwaka 1938, ina kima chake cha chini cha mshahara: dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009. Jimbo linaweza kupandisha, kushusha haliwezi. Mtu akiguswa na sheria zote mbili, anapewa ile yenye pesa zaidi. Hiyo 5.15 imebaki tu kwenye vitabu vya Georgia, na Wyoming vilevile. Alabama na Tennessee hazina kima cha jimbo kabisa, na huko pia ni 7.25.

MamaNeema_MN
Huku Minnesota ni kinyume: jimbo limeipita serikali kuu, na jiji la Minneapolis limelipita jimbo. Mwajiri wa huku akikutajia 7.25, anakuibia. Ila Georgia imekataza miji kujiwekea kima chake, kwa hiyo msihangaike kutafuta cha Atlanta.

Na hiyo 2.13 isiwatishe. Ni ya wanaopokea bakshishi, na bakshishi zao zikishindwa kufikisha 7.25, mwajiri anajazia. Kijana yuko jikoni na masufuria, nani anamwachia bakshishi?

Mwanahawa_GA
Asanteni. Bosi anasema pia mgahawa wake ni mdogo, sheria ya Washington, yaani ya serikali kuu, haimfikii.

Kibarua_Houston
Hapo pana ukweli kidogo. Biashara inaingia kwenye sheria hiyo moja kwa moja mauzo yakifika dola 500,000 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365: ni kama dola 1,370 kwa siku. Mgahawa unaojaa mchana na jioni unapita hapo. Chini ya kiwango hicho, anaweza kulindwa yule ambaye kazi yake mwenyewe inagusa biashara ya kuvuka majimbo, lakini kwa muosha vyombo njia hiyo ni ngumu.

Kama mgahawa umeingia, pigeni hesabu ya wiki ile. Saa 40 kwa 7.25 ni dola 290. Saa 6 za ziada zinalipwa mara moja na nusu, 65.25. Jumla 355.25. Yeye kapewa 236.90. Kadhulumiwa dola 118.35 kwa wiki moja!

MamaNeema_MN
Aanze leo kuandika kwenye daftari saa aliyoingia na aliyotoka, na karatasi za mshahara asitupe hata moja. Kisha apeleke malalamiko kitengo cha mishahara na saa za kazi, Wizara ya Kazi ya Marekani. Ni bure, na jina lake halitajwi. Asichelewe: madai yanarudi nyuma miaka 2 tu, au 3 kama mwajiri alifanya kusudi. Na kumfukuza kwa sababu kalalamika ni kosa jingine kisheria, mwambie asiogope.