Basalti ya karibu na TAG (eneo la chemchemi za moto kwenye sakafu ya Atlantiki): stronti 0.7041, salfaidi +12. Tatizo liko wapi?

Swali: Wakuu, basalti ya mgongo wa kati wa Atlantiki (nyuzi 26 Kaskazini) imenipa 87Sr/86Sr (uwiano wa isotopu za stronti) ya 0.7041, ila isotopu za neodimi ziko sawa. Unga wa salfaidi (madini ya metali na salfa) za jirani una δ34S (kipimo cha isotopu za salfa, kwa elfu) ya +12. Nimekosea wapi?

Jibu 1: Stronti hiyo imechanganyika na ya maji ya bahari (0.7092), basalti safi huwa karibu 0.7025. Neodimi haikuguswa kwa sababu bahari inayo kidogo mno. Achana na kupima unga wa mwamba mzima. Chagua kwa hadubini vipande vya kioo cha volkano, cheusi kinachong'aa, nusu milimita hivi. Chenye ukoko wa rangi ya chungwa kitupe. Kipashe moto kwenye asidi ya hidrokloriki (HCl) ya 6 M kwa saa moja, mwaga, suuza, ndipo uyeyushe.

Jibu 2: Kwenye salfaidi nashuku anhidraiti (salfeti ya kalsiamu yenye salfa ya maji ya bahari), yenye +21. Salfaidi za TAG huwa karibu +7, yaani takriban theluthi ya salfa ni ya bahari. Tazama vile vimishipa vyeupe kati ya pairaiti (salfaidi ya chuma): hivyo ndivyo anhidraiti, ukisaga vyote pamoja, namba inapanda. Toboa punje mojamoja. Unga uliokwisha sagwa suuza kwa maji baridi mengi, si ya moto. Anhidraiti huyeyuka zaidi kwenye baridi.

Muulizaji: Vimishipa nimeviona. Narudia zote mbili.