Tupeane uzoefu: kumiliki gari la saluni la zamani lenye kasi kwa bajeti finyu

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, habari zenu. Yapo magari ambayo yalipokuwa mapya walioyamudu walikuwa wachache, na baada ya miaka kumi na mitano au ishirini mengi yake yalishuka hadi bei ya gari dogo la kwendea kazini. Ninazungumzia saluni za milango minne zenye injini kubwa au turbo: BMW M5, Mercedes-Benz za AMG, Audi za S na RS, Subaru Impreza WRX STI, Mitsubishi Lancer Evolution, Toyota Chaser na nyingine za aina hiyo. Bei ya kununua ilishuka, lakini bei ya diski za breki, shokomzoba na kazi ya fundi imebaki ya gari la kifahari, na hapo ndipo wengi wenye kipato cha kawaida hukwama.

Naomba kila aliyewahi kumiliki gari la namna hii atueleze alilichaguaje, alianza kutengeneza nini, na ni kitu gani hasa kinachomla fedha. Nitaanza mimi.

Ninamiliki M5 ya kizazi cha E39, iliyoundwa kuanzia 1998 hadi 2003, yenye injini ya S62 ya silinda nane, ujazo wa lita 4.9, nguvu za farasi 400 na gia sita za mkono. Kabla ya kutafuta gari lenyewe niliigawa bajeti, nikaweka kando theluthi nzima ambayo haingeguswa mpaka gari liwe mikononi mwangu na fundi awe amelikagua. Bila akiba hiyo nisingenunua, kwa sababu gari la umri huu hudai fedha mara tu linapobadilisha mmiliki, na mwenye kuimaliza bajeti yote kwa muuzaji hulazimika kuliendesha likiwa bovu.

Nilimwomba muuzaji asiliwashe kabla sijafika. Nilipofika niliweka kiganja juu ya boneti, nikaridhika kwamba injini ilikuwa ya baridi, kisha tukaliwasha boneti likiwa wazi. Ulisikika mgongano mkavu wa vyuma kwenye upande mmoja wa injini kwa sekunde chache, halafu ukatoweka. Ile ni sauti ya VANOS, mtambo unaobadilisha taimingi ya valvu kwa nguvu ya oili, na injini ikishapata joto mara nyingi husikii kitu. Kwa mlio huo tulipatana bei ya chini zaidi, na kiasi kilichopungua nilikiweka kwenye akiba ya matengenezo.

Kazi ya kwanza niliyoifanya haikuhusu kasi hata kidogo. Nilibadilisha tangi la maji, radieta, pampu ya maji, termostati na mipira yote, kwa kuwa plastiki za mfumo wa kupooza injini hukauka kwa umri hata kama gari limetembea kidogo. Fundi alipoushika mpira wa juu ili auvue, shingo ya radieta ilikatika pamoja nao na vipande vyake vikabaki kwenye kiganja chake, vya rangi ya kahawia na vyepesi kusagika. Kipande hicho kingekatika barabarani, injini ingechemka, na gharama yake ingezidi ya kazi yote tuliyoifanya. Bushi za mikono ya mbele zilifuata, maana usukani ulikuwa ukitetemeka kila nilipofunga breki kwenye mwendo mkubwa.

Karibuni.

Mwenye Lancer Evolution

Ahsante, mleta mada. Mimi nilichagua gari kwa kuitazama injini. Injini ya 4G63 yenye turbo ilitumika katika Evolution zote tangu 1992 mpaka kizazi cha tisa, hivyo mafundi wanaoielewa ni wengi na spea zake hazijaadimika.

Jambo ninalomsisitizia kila anayeniuliza ni mikanda. Watu hukumbuka mkanda mkubwa wa taimingi, lakini nyuma yake upo mwingine mdogo unaozungusha shafti ya kusawazisha mtetemo wa injini. Huo mdogo ukikatika unaweza kunaswa na mkubwa, taimingi ikaruka, valvu zikagonga pistoni na injini ikaharibika kabisa. Kwa hiyo ukinunua gari lisilo na kumbukumbu za matengenezo zilizoandikwa, badilisha mikanda yote miwili, tensheni (kifaa kinachoikaza mikanda) na pampu ya maji kwa pamoja, kabla hujapanga safari yoyote. Maneno ya muuzaji kwamba mkanda ulibadilishwa hivi karibuni hayana uzito bila risiti.

Mwenye gari la magurudumu manne yanayovuta asijaribu pia kubana fedha kwa kununua matairi mawili mapya na kuyaacha mawili yaliyolika. Tofauti ya kimo huifanya difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ifanye kazi muda wote hata gari linapokwenda moja kwa moja. Nunua manne yanayofanana, hata kama ni ya daraja la kati.

Aliyeghairi kununua

Uzoefu wangu ni wa kuacha, na ninauthamini sawa na wa kununua. Nilivutiwa sana na Audi S4 ya kizazi cha B6 yenye V8 ya lita 4.2. Gari lilikuwa zuri kuanzia viti mpaka rangi. Kilichonizuia ni kwamba katika injini ile cheni za taimingi zimewekwa upande wa nyuma, panapoelekea giaboksi, na miongozo yake ni ya plastiki inayolika. Kuifikia kwa kawaida hulazimu kuishusha injini nzima. Nilimwomba fundi aniandikie makadirio ya kazi hiyo peke yake, nikayalinganisha na akiba yangu, nikaona kwamba siku cheni zikianza kulia ningekuwa na gari nisilolimudu kulitengeneza wala kuliuza kwa bei ya maana. Fedha zangu bado ninazo na ninaendelea kutafuta.

Mwenye Chaser

Chaser ya kizazi cha JZX100, injini ya 1JZ-GTE ya lita 2.5, turbo moja, farasi 280. Watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutozidi kiwango hicho hadi 2004, kwa hiyo injini hizi zilitoka kiwandani zikiwa na nguvu ya akiba, na ni ngumu kweli kweli zikitunzwa.

Tatizo la gari hili ni historia yake. Nyingi zimetumika kwenye michezo ya kuteleza (drifti), nyingine zilitoka na giaboksi ya otomatiki zikabadilishwa kuwa za mkono. Nilipokuwa nikitafuta, nililala chini ya kila gari na tochi, nikakagua mahali pa kuunganishia mikono ya magurudumu, sakafu ya buti na nguzo za shokomzoba, nikitafuta alama za kuchomelea na rangi isiyolingana. Wayaringi iliyokatwakatwa na kufungwa kwa utepe ilitosha kuniondoa. Gari nililolichukua lilikuwa halina urembo wowote, na ndiyo sababu nililipenda.

Fundi

Nimesoma michango yote na ninaiunga mkono, hasa huyu aliyeghairi. Wateja wengi huniletea gari baada ya kulinunua, wakati kazi yangu ingewafaa zaidi siku moja kabla.

Kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, ni kazi ya muda mfupi, na unapaswa kutazama zaidi tofauti baina ya silinda kuliko namba yenyewe. Kwa M5 ya kizazi cha E60, yenye V10 ya lita 5.0, kompresheni nzuri haikuhakikishii usalama, maana bearingi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na kreni) hulika kimya kimya. Nikibadilisha oili ya injini hizo ninaikata filta, ninaikunjua karatasi yake juu ya meza na kuitazama kwenye mwanga mkali. Chembe zinazometameta humaanisha kwamba chuma kinasagika mahali fulani, na mwenye gari anapaswa kuambiwa siku hiyo hiyo.

Kwa wenye Mercedes E55 AMG ya kizazi cha W211 mnaobadilisha pedi za breki wenyewe ili kupunguza gharama, nawasihi sana mwe waangalifu. Magari hayo kabla ya maboresho ya 2006 yana breki za SBC, zinazoendeshwa kwa umeme na kompyuta, ambazo pampu yake ya umeme hujiandaa yenyewe hata mlango unapofunguliwa, na pistoni zinaweza kubana kwa nguvu kubwa vidole vikiwa ndani. Mfumo huo sharti uzimwe kwa mashine ya kompyuta kwanza. Pampu hiyo huhesabu pia matumizi yake, na ikifikia kikomo huwasha onyo la kubadilishwa, kwa hiyo ulizeni hesabu hiyo kabla ya kununua.

Msomaji mgeni

Shikamooni wakubwa. Je, inawezekana gari kama hili likawa la pekee nyumbani?

Mleta mada

Marahaba, karibu. Kwa bajeti finyu sikushauri. Gari langu likisubiri spea hukaa gereji hata wiki kadhaa, na ninachoshukuru ni kwamba ninalo jingine dogo, hivyo sihitaji kumharakisha fundi wala kukubali spea ya bandia kwa sababu tu kesho nina safari. Kama huwezi kuwa na mawili, tafuta kwanza usafiri mwingine wa uhakika, na uweke akiba kila mwezi kama vile tayari unalo gari hilo. Baada ya mwaka utajua kama mfuko wako unalimudu, na fedha hizo ndizo zitakazonunua radieta.