Wananchi wenzangu wa Yanga, kocha wetu Nabi kaondoka kweli (Juni 2023). Timu inabaki au inaondoka naye?

Mtoto wa Jangwani
Wakuu poleni na majukumu. Taarifa ya klabu mmeiona wote, mkataba umeisha, kaombwa aongeze kakataa, tunamshukuru, tunamtakia kila la heri, basi imeisha hiyo. Yani Jumatatu tu hapa tumempiga Azam moja bila pale Mkwakwani, Musonda kamaliza kazi, kombe la shirikisho la Azam tumelibeba mara ya pili mfululizo, jamaa tunamuona anacheka na wachezaji wake kumbe mwenzetu begi lishafungwa kitambo.

Swali langu siyo nani anakuja, hilo namuachia rais wetu wa klabu Injinia Hersi na watu wake. Nachotaka kujua, hivi hii raha tuliyokula misimu miwili ilikuwa ya Nabi au ya wachezaji? Maana huku mtaani kila mtu na lake. Kuna wanaosema timu ni hela ya mdhamini GSM na usajili, hata ukimuweka konda wa daladala kwenye benchi mshambuliaji wetu Mayele atafunga tu. Na kuna wanaosema ndo tunarudi kule kwenye ile miaka minne ya kukaa tunamuangalia mnyama Simba anabeba ubingwa kila msimu. Mnaojua mpira niambieni ukweli, sitaki wa kunifariji.

fundi_simu_kkoo
Kabla watu hawajaanza kulia humu tukumbushane kidogo maana watanzania tunasahau haraka. Novemba mwaka jana tumetoka kutolewa na Al Hilal ya Sudan klabu bingwa Afrika, tumeangukia kombe la shirikisho Afrika, tukatoa suluhu na Club Africain ya Tunisia kwa Mkapa. Humu humu ndani kulikuwa na mauzi ya Nabi aondoke, Nabi hana jipya, Nabi mechi za kimataifa siyo saizi yake. Wengine mnaolia leo majina yenu nayajua ila leo siku ya msiba nawasitiri.

Ile marudiano ya Tunis nimeangalia kibanda umiza Mbagala. Siku zote mechi ya Yanga ukichelewa unasimama mlangoni unachungulia kwapani kwa mtu, siku ile mabenchi ya nyuma yote wazi, mwenye banda anaita watu barabarani kama anauza mitumba. Hakuna aliyeamini. Kipindi cha pili Aziz Ki kapiga ile kitu imeingia, banda zima tuko wachache lakini kelele utafikiri tuko mia, kuna mzee mmoja kanikumbatia simjui mpaka leo. Ile mechi ndo ilitufikisha fainali ya Afrika wakuu, tungetolewa pale hayo mengine yote msingeyaona.

Kingine, Rivers United. 2021 walitufunga moja bila kwetu, moja bila kwao, tukatoka mapema kabisa na huyo huyo Nabi. Mwaka huu robo fainali kaenda kwao Nigeria kawapiga mbili, Mayele zote, hapa Dar tukamaliza na suluhu. Mtu anayejifunza namna hiyo siyo wa kusema timu inajiendesha yenyewe.

Mnyama OG
Poleni sana majirani zetu, mimi ni wa Msimbazi, shabiki wa Simba, ila nimepita kutoa rambirambi. Kocha alikuwa mzuri hilo siwezi kukataa. Ila msimpake mafuta kupita kiasi, Aprili 16 alikuwepo kwenye benchi mlipokula mbili, Inonga na Kibu, au siku hiyo timu ilikuwa ya wachezaji?

fundi_simu_kkoo
@Mnyama OG na ubingwa ulikwenda wapi kaka

Mnyama OG
@fundi_simu_kkoo haya bwana. Ila nikupe kitu cha maana utakaa ukifikirie. Toka Nabi anakuja Aprili 2021 sisi tumekuwa na makocha Gomes, Pablo, Zoran, Mgunda, sasa Robertinho. Hesabu mwenyewe. Kila anayekuja anataka watu wake, anataka mazoezi yake, wachezaji wanaanza kujifunza upya, akianza kueleweka anapewa thenkyu. Nyie mlikuwa na mtu mmoja muda wote huo. Mimi nasema wazi ndo kitu kilichotuumiza, siyo Mayele. Sasa karibuni na nyie huku.

Dada wa Yombo
@Mtoto wa Jangwani kaka swali lako zuri ila umeliweka kama lazima uchague kimoja. Ngoja nikupe mifano ya watu.

Beki wetu Bacca. Katoka KMKM Zanzibar dirisha dogo 2022, nani alikuwa anamjua? Watu walicheka kwamba tunasajili mabeki wa visiwani. Alikaa akisubiri, akaingizwa taratibu, leo unamuweka na mshambuliaji yeyote Afrika husikii presha. Mudathir alikuwa hana timu kabisa baada ya kuachana na Azam, Januari kaja, miezi michache baadae anacheza mechi za shirikisho kama yupo pale miaka mitano. Mzize katoka kwetu wenyewe kwenye timu ya vijana. Hao watatu hawakununuliwa kwa hela za kutisha na hakuna aliyekuwa anawagombania na sisi. Hapo ndo kazi ya kocha unaiona, maana Aziz Ki hata mimi mama ntilie najua ni mchezaji.

Halafu uchezaji wa ugenini. Nilikuwa nakereka sana zamani Yanga ikisafiri, tunajaza watu nyuma tunapiga mipira mirefu tunaomba dakika ziishe. Huyu mzee ugenini anaweka Job, Bacca na Mwamnyeto pamoja, Djuma na Lomalisa anawaachia pembeni wapande, Aucho anakaa katikati anasawazisha. Unazuia lakini bado unatoka. Rivers kwao tumeshinda, Mazembe Lubumbashi tumeshinda, Marumo Gallants kule Rustenburg tumeshinda 2-1, Algiers kwenyewe tumeshinda. Niambieni timu gani ya Tanzania imewahi kutembea hivyo msimu mmoja. Mama yangu hajawahi kuangalia mpira maisha yake, ile ya Marumo alikesha na sisi sebuleni anauliza hilo goli la leo mama Samia kalinunua shilingi ngapi, si unajua Rais alikuwa anatoa hela kwa kila goli 😂

Kwa hiyo jibu langu, wachezaji wanabaki na walichofundishwa. Ila kitakaa muda gani inategemea anayekuja anakuta nini na anagusa nini.

Mzee Kipenga
Vijana mnaandika sana. Nimeshabikia hii timu makocha wamekuja wazungu kwa waafrika na wameondoka wote, Yanga ipo toka 1935. Nabi namheshimu, mechi 49 za ligi bila kufungwa siyo mchezo, mpaka Ihefu walipotufanyia vile kule Mbarali. Ila mimi ile mechi ya kwanza ya fainali bado inanikaa hapa kooni. Mei 28, uwanja umejaa toka asubuhi, tunakwenda kucheza na USM Alger tunaanza kwa woga kama sisi ndo wageni. Wametutangulia. Mayele kasawazisha zimebaki dakika chache, watu bado tunakumbatiana huku juu, mpira umeanzishwa, beki yote imepanda na furaha, wametupiga la pili. Pale kocha alitakiwa awe mstarini anawarudisha watu nyuma kwa fimbo. Wiki moja baadae tumeshinda kwao kwa penati ya Djuma, jumla mbili mbili, kombe limekwenda kwa goli la ugenini. Lile goli la dakika mbili tu baada ya kusawazisha. Mimi siwezi kusema ni la wachezaji peke yao.

Dada wa Yombo
@Mzee Kipenga shikamoo mzee. Hilo siwezi kubishana na wewe, hata mimi siku ile nilitoka kwa Mkapa sijaongea na mtu mpaka Yombo. Ila mzee, kabla ya huyu lini tuliwahi kufika mahali pa kulilia goli la dakika ya 84 fainali ya Afrika?

Mzee Kipenga
Marahaba binti. Hapo umenibana.

kijana_wa_Tandale
mi naona tunahangaika bure, Kaze si yupo?? alishakuwa kocha mkuu wetu 2020 akaondolewa akarudi kuwa msaidizi, anawajua wachezaji wote anajua kila kitu cha Nabi mpeni timu tuendelee, kwanini tulete mtu mpya aanze kuuliza majina

fundi_simu_kkoo
@kijana_wa_Tandale dogo Kaze mtu mzuri sana ila msaidizi na mkuu ni kazi mbili tofauti. Msaidizi ndo mchezaji anakwenda kumlilia akiwekwa nje, mkuu ndo anayemuweka nje. Aucho akizomewa na Kaze leo atanyamaza, akizomewa na Kaze huyo huyo kesho akiwa bosi sijui. Na tulishamfukuza mara moja, akifungwa mechi mbili tu uzi wa kumfukuza unaandika wewe mwenyewe.

kijana_wa_Tandale
😂😂 sikatai

Mtoto wa Jangwani
Nimewasoma wote asanteni. Dada wa Yombo umenigusa kwa Mudathir, nilikuwa nimesahau kabisa alikookotwa toka wapi. Mimi naanza kuona kwamba hofu yangu siyo Nabi kuondoka, ni Nabi kuondoka alafu na wengine wafuate mlango huo huo. Feisal tumeshamalizana naye, kaenda Azam. Mayele kafunga saba shirikisho, kamaliza kinara wa mashindano, unadhani Waarabu hawajaona? Akija kocha mpya akamkuta Mayele na Aziz Ki na Diarra na Aucho hata akiwa mgeni atapata pa kushika. Akikuta nusu yao hawapo tutamuonea bure alafu mtasema mnaona, Nabi ndo alikuwa timu.

Mnyama OG
Kwa hiyo jibu limepatikana. Nabi alikuwa timu, Mayele alikuwa timu, mmebaki na mdhamini 😂

Mzee Kipenga
Wewe mwana wa Msimbazi ulisema umekuja kwenye msiba, sasa umekula pilau na unataka kuondoka na sufuria.

Dada wa Yombo
😂😂😂 mzee jamani

Mtoto wa Jangwani
Wakuu tuachane na huyo. Mwenye taarifa kama Nabi ataaga mashabiki kabla hajapanda ndege atupie hapa, mimi nipo tayari kufunga duka niende airport.

fundi_simu_kkoo
Funga, tutaenda wote. Tena tupige kambi pale pale, tukimaliza kumuaga Nabi tuzuie Mayele asipite.