Tupeane uzoefu: watoto waliochelewa kuongea, tiba ya usemi na tiba ya muziki

Mama Pacha: Leo kwa daktari nimemsikia mtoto anaimba alfabeti yote bila kukosea, halafu mama yake ananiambia hajui hata kuomba maji. Nikamkumbuka wangu. Matangazo ya redio aliyaimba mwanzo hadi mwisho, ila kiu ikimbana ananivuta mkono tu. Mliopitia kwa wataalamu wa usemi au wa muziki, semeni. Ilisaidia?

Kisiki: Wangu vilevile. Nakaa hapa nasoma.

Baba Wawili: Kapimeni masikio kwanza! Wangu aliitwa mkaidi, kumbe ana maji nyuma ya ngoma ya sikio, anatusikia kama aliyezamishwa kichwa.

Bi Mkubwa: Mkateni kikamba cha chini ya ulimi. Sisi tulikatwa wote na tunaongea.

Nesi wa Zamu: Shikamoo Bi Mkubwa. Kikamba kifupi kinaweza kusumbua kunyonya, pengine na sauti chache, lakini hakimnyimi mtoto maneno yote. Aliyetimiza miaka 2 bila kufikisha maneno kama 50, wala kuunganisha mawili, aonwe na mtaalamu.

Bi Mkubwa: Marahaba. Wewe una watoto wangapi?

Mama Z: Ngoja niseme langu. Wangu ana usonji, ule wanaouita autism, jina lake ukiliita hageuki. Kwenye tiba ya muziki kila kipindi kilianza na wimbo uleule wa salamu: mwalimu anaimba, anakata kabla ya neno la mwisho, anasubiri. Anasubiri kweli, mpaka wewe mzazi unataka kumjibia. Miezi ikapita, nalipa, naona ni mchezo wa ngoma tu. Basi siku ya harusi ya mdogo wangu, mtoto akapotea ukumbini. MC akamtangaza kwenye spika, watu wanapiga kelele jina lake, na mimi najua kelele ndiyo inayomfukuza. Nje kuna barabara kubwa. Miguu ilikufa ganzi. Nikawaomba wazime kila kitu, nikaanza kuimba ule wimbo huku nalia, nikikata palepale. Mlango wa tatu, stoo ya viti, nikasikia neno la mwisho likiimbwa gizani. Hakuwahi kulimalizia nyumbani hata siku moja.

Kisiki: Dada, umeniliza kazini.

Chumvi Kidogo: Hadithi tamu, lakini muziki hauponyi usonji. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la JAMA lilitoa utafiti wa tiba ya muziki kwa watoto 364 wenye usonji katika nchi 9, tofauti ya dalili yenye uzito haikuonekana.

Mama Z: Nani kasema umemponya? Nimesema alinijibu.

Nesi wa Zamu: Na utafiti ule ulipima ukali wa dalili za kijamii baada ya miezi 5. Haukupima kama mtoto anaitika wimbo. Ila Chumvi ana hoja: atakayekuuzia muziki kama dawa, mkimbie.

Chumvi Kidogo: Asante, walau mmoja kasoma.

Baba Wawili: Mnagombana, mtoto kapatikana!

Fundi Gitaa: Wangu ana kigugumizi. Akiimba hakwami hata kidogo, akiongea tu kinarudi. Kilichomfaa ni mpango wa Lidcombe, wa Australia, wa watoto wadogo: mzazi ndiye anayefundishwa, unamsifu anapoongea bila kukwama. Mke wangu anasema mimi ndiye niliyetibiwa, maana nilijifunza kunyamaza.

Kisiki: Mimi niliambiwa niache lugha moja nyumbani.

Nesi wa Zamu: Usiache. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Ongea naye ile inayokutoka vizuri.

Mpita Njia: Mnunulieni kasuku, wafundishane.

Bi Mkubwa: Mama Z, huo wimbo ukoje? Mjukuu wangu naye ukimwita haitiki.

Mama Z: Wowote anaoupenda, bibi. Ukifika mwisho wa mstari nyamaza, umtazame, usimmalizie. Na masikio akapimwe, Baba Wawili hajakosea.