Mrejesho: Mazoezi kwa mama anayesafishwa damu

Habari zenu ndugu zangu. Niliwauliza kama mama yangu, anayesafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki kwa sababu ya ugonjwa wa figo, anaweza kufanya mazoezi, maana alikuwa amekata tamaa na hataki kuongea na mtu. Mlinisisitiza tuanze na daktari wake wa figo. Tukaenda, akaruhusu.

Siku zisizo za mashine anatembea taratibu asubuhi, jua halijawa kali. Akiwa kwenye mashine anakunja na kunyoosha miguu kitandani, ila katika saa 2 za mwanzo tu, kwa sababu mashine ikishatoa maji mengi mwilini presha hushuka na misuli hukaza. Mkono wenye fistula (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine) hausogei sindano zikiwa ndani. Akiamka amevimba au anapumua kwa shida, hakuna mazoezi, ni hospitali moja kwa moja.

Muuguzi alituunganisha pia na mshauri nasaha. Mama alilia sana siku ile, akasema anajiona mzigo kwetu. Sikuwahi kumsikia akitamka hivyo, na naamini mazungumzo yale yamemsaidia sawa na kutembea.

Siku ya mashine bado anarudi hoi, analala mpaka magharibi. Lakini kesho yake anavaa raba mwenyewe na kumgongea jirani: "Shoga, hujawa tayari tu?"

Asanteni sana. Sasa magoti yanamsumbua akipanda ngazi. Mwenye uzoefu wa kuimarisha mapaja kwa mgonjwa wa figo, naomba anielekeze.